Seva ya diski moja ni mchezo wa pata potea

Ukishuka matatu Lubao siku ya Ijumaa, kitu cha kwanza kukupokea ni kubweka. Soko hili la kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Webuye linajulikana kote Kenya kwa mbwa. Watu hutoka mbali kuja kutafuta mlinzi wa boma. Wenyewe wanakwambia kabisa: ukitaka kulala bila wasiwasi, usifuge mmoja. Huyo mmoja akila sumu ya mwizi, boma liko wazi.

Sasa toka sokoni, ingia kwenye maduka ya aina unayoyajua wewe, yale ya kila kituo cha soko nchini. Saiba ya kujaza fomu za KRA na HELB. Studio ya picha na video. Duka la kuchapisha vijitabu vya wasifu wa marehemu na kadi za harusi. Mara nyingi, chini ya meza ya mwenye duka kuna kompyuta kuukuu inayonguruma mchana kutwa, na kompyuta nyingine zote zinachota mafaili kutoka hapo. Hiyo ndiyo seva. Ifungue uone ndani. Diski moja.

Yaani mbwa tunajua mmoja hatoshi, lakini kazi ya miaka sita ya duka zima tumeikabidhi diski moja. Manze, hiyo ni pata potea.

Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo sitakusomea notisi za mhadhara. Nataka nikueleze vile mtu anaweza kuiboresha hiyo seva isimuache kwenye mataa, ajue pesa inaenda wapi na asidanganywe na fundi.

Kilicho ndani ya hiyo diski

Neno seva Wakenya wengi tulilizoea 2017. Mahakama ya Upeo ilipofuta uchaguzi wa urais Septemba 1 mwaka huo, habari za seva za IEBC zilikuwa kwenye kila baraza na kila kinyozi. Tukabaki kudhani seva ni dude la serikali lililofungiwa mahali pa siri. La hasha. Seva ni kompyuta yoyote inayowahudumia wengine. Hata pesa zako za M-Pesa zilihesabiwa na mashine zilizokuwa Ujerumani hadi 2015, Safaricom ilipozihamishia Kenya. Kila kitu tunachosema kiko "mtandaoni" kiko ndani ya chuma fulani, mahali fulani, na hicho chuma hufa.

Diski ya kawaida ya kuzunguka ina sahani zinazokimbia mara 7,200 kwa dakika, yaani mizunguko 120 kila sekunde. Juu ya sahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea karibu mno bila kugusa. Kikigusa, kinakwaruza, na ulichokwaruzwa hapo hakirudi. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, lakini nazo zina kikomo cha kuandikwa, na zinaweza kufa ghafla bila hata kulia.

Sasa fikiria kilichomo. Kwenye saiba kuna vyeti vilivyoskaniwa na orodha za chama. Kwenye studio kuna mazishi, harusi, mashindano ya ng'ombe wa kupigana na ngoma za isukuti. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya tamaduni zinazohitaji kulindwa haraka. Mara nyingi mzee aliyepigiwa ngoma kwenye video hiyo ameshaenda, na familia ina picha zake mbili tatu tu. Zote ziko kwa mpiga picha wa sokoni, kwenye diski aliyonunua mtumba.

Tena kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiangalii tu nani ameona habari za mteja wako. Inamtaka anayezihifadhi azilinde pia zisipotee, na afikirie uwezo wa kuzirudisha kwa wakati kukitokea hitilafu. Ukiwa umebeba vitambulisho vya watu 2,000, hiyo inakuhusu.

Diski za bei rahisi zikiungana

Mwaka 1988, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala iliyobadilisha biashara hii. Wakati huo mashirika makubwa yalinunua diski moja kubwa ya bei kali. Hawa wakasema: kwa nini tusichukue diski nyingi ndogo za bei nafuu, tukaziunganisha zifanye kazi kama moja, na tukaweka ziada ili moja ikifa nyingine zibebe mzigo? Mpango huo wakauita RAID. Herufi ya tatu katika jina hilo mwanzoni ilimaanisha "za bei nafuu". Kwa hivyo usidhani hii ni starehe ya benki. Ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayehesabu shilingi.

RAID ina namba, na hapo ndipo wasee hupotezwa. Tuzipitie tukitumia diski nne za terabaiti 4 kila moja.

RAID 0 inagawa kila faili vipande na kuvitawanya kwenye diski zote. Unapata terabaiti 16 na kasi ya kutisha. Lakini diski moja ikifa, zote zimekufa. Tuseme kila diski ina uwezekano wa asilimia 5 wa kufa ndani ya mwaka. Ukiunganisha mbili hivi, uwezekano wa kupoteza kila kitu unapanda hadi karibu asilimia 10. Umenunua diski ya pili ukaongeza hatari. Fundi akikuwekea hii kwenye seva ya kazi, mrudishe aitoe.

RAID 1 ni kioo. Diski mbili, kila unachoandika kinaandikwa kote kuwili. Unalipia mbili unatumia nafasi ya moja. Moja ikikata kamba, duka linaendelea kama hakuna kilichotokea.

RAID 10 ni vioo viwili vilivyounganishwa. Diski nne zinakupa terabaiti 8, na kasi nzuri.

RAID 5 ina ujanja wa hesabu. Chukua mazizi mawili sokoni. La kwanza lina mbuzi 12, la pili 9, na kwenye daftari umeandika jumla, 21. Mtu akifungua zizi la pili usiku mbuzi wakatoroka, bado unajua walikuwa wangapi: 21 toa 12. Kompyuta hutumia hesabu ya sifuri na moja, lakini wazo ni lile lile, na hilo "daftari" linagawanywa kwenye diski zote. Diski nne zinakupa terabaiti 12, na unaweza kupoteza moja. RAID 6 ina madaftari mawili. Unabaki na terabaiti 8, lakini zinaweza kufa mbili zozote.

Mbona basi kila mtu asichukue RAID 5, si ndiyo yenye nafasi? Kwa sababu ya usiku wa kujenga upya. Diski moja ikifa, unaweka mpya, na mashine inasoma kila kitu kwenye zilizobaki ili iijaze. Terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa saba, na hiyo ni kama hakuna anayeitumia. Za terabaiti 8 ni kama saa kumi na tano. Muda huo wote zilizobaki zinakimbizwa mbio za mwisho, nazo huwa za umri mmoja na ile iliyokufa. Ya pili ikilegea hapo, kwaheri. Ndiyo maana kwa duka dogo ushauri wangu ni rahisi: diski mbili, RAID 1, basi. Ukikua, nenda RAID 10 au 6.

Mpangilio wa kazi

Hebu tuseme umeamua. Usianze kwa kufungua skrubu.

Kwanza, msikilize mgonjwa. Karibu kila diski ina daftari lake la afya linaloitwa SMART. Kwenye Windows, programu ya bure ya CrystalDiskInfo inakuonyesha. Kwenye Linux tumia smartctl. Angalia mistari mitatu yenye alama 05, C5 na C6. Ya kwanza ni vipande vilivyoharibika vikabadilishwa na vya akiba, ya pili ni vinavyoshukiwa, ya tatu ni vilivyoshindikana kabisa kusomwa. Unataka sifuri. Ukiona namba zinapanda wiki hadi wiki, hiyo diski inakuaga kwa heshima. Lakini usilale kwa sababu zote ni sifuri. Kuna diski hufa bila kuugua.

Pili, toa nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote. Halafu fungua mafaili kadhaa ya hiyo nakala kwenye kompyuta nyingine. Siku ya kuboresha ndiyo siku ya watu kupoteza data, maana programu nyingi zikiunda RAID mpya hufuta kilichokuwa kwenye diski.

Tatu, nunua diski mbili mpya. Usioanishe mpya na ile kuukuu. Ikiwezekana zitoke maduka mawili tofauti, moja Kakamega mjini na nyingine agiza Luthuli kule Nairobi, ili zisiwe za siku moja kiwandani. Zikiwa na kasoro ya kuzaliwa, angalau zisiwe na ile moja.

Hapo kwa kununua pana mtego. Kuna diski zinazoandika mistari ya data ikipandana kama mabati ya paa. Zinaitwa SMR. Zinabeba vingi kwa bei ndogo, lakini kuandika upya mstari mmoja ni lazima ziguse wa jirani, kwa hivyo kwenye kazi ndefu ya kujenga RAID zinakokota miguu. Mnamo Aprili 2020 kampuni ya Western Digital ililazimika kukiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo za nyumbani na ofisini, zilikuwa za aina hiyo bila mnunuzi kuambiwa. Kwa hivyo kabla ya kulipa, andika namba ya modeli kwenye simu yako uhakikishe ni CMR. Muuzaji akikasirika, duka ni mengi.

Nne, ziunganishe kwa programu. Huhitaji kadi ya bei ghali. Linux ina mdadm, bure. TrueNAS nayo ni bure na inatumia ZFS, ambayo hukagua kila kipande ikisoma na kukirekebisha kutoka kwa pacha wake kikiwa kimeoza. Windows ina Storage Spaces. Faida ya programu juu ya kadi ni hii: kompyuta ikiungua, unahamisha diski kwenye kompyuta nyingine na kazi inaendelea. Kadi ya zamani ikiungua, huenda ukazunguka mji mzima ukitafuta dada yake.

Tano, na hii ni ya kalamu tu: andika namba ya utambulisho ya kila diski kwenye karatasi, uibandike mbele yake. Siku mashine itasema "hii imekufa", ni lazima ujue ni ipi. Wapo waliovuta ile nzima wakabaki na maiti mkononi.

Sita, iambie mashine ikutumie ujumbe kukiwa na shida, na ijikague kila mwezi. RAID 1 isiyo na kengele ni hatari ya kimya. Ya kwanza inakufa Machi, hakuna anayejua kwa sababu duka linaendelea tu, ya pili inafuata Novemba, na wewe unashangaa mbona RAID haikusaidia.

Stima na radi

Huwezi kuongea habari za seva Kakamega ukaacha mbingu. Huku kwetu radi si hadithi. Na stima nayo ina vituko vyake. Juni 2016 nyani mmoja alianguka kwenye transfoma ya kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Agosti 25, 2023, usiku wa Ijumaa, giza likarudi tena karibu nchi nzima kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaguswa.

Stima ikikatika katikati ya kuandika, pacha mmoja anaweza kuwa ameandika na mwenzake bado. Kwa hivyo kabla ya kuota RAID ya diski nane, nunua UPS. Haihitaji kukuendesha siku nzima. Dakika kumi zinatosha, na nyingi zina waya wa kuiambia seva ijizime yenyewe kwa utulivu. Kukinguruma sana, chomoa, pamoja na waya wa intaneti, kwani radi hupitia huko pia. Na ile vumbi ya barabarani, ipangulize kwenye feni kila mwezi. Feni ikiziba, joto linapanda, na joto ndilo linalozeesha mashine.

RAID si bakapu

Hapa nisikilize vizuri, kwa maana hata ukisahau mengine yote, hili libaki.

Kioo hakichagui. Ukifuta folda ya harusi kwa bahati mbaya, imefutwa kwenye diski zote mbili sekunde hiyo hiyo. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia kikiingia kupitia flashi ya mteja, kimefunga pande zote. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba mapacha wote wawili. Gikomba imeungua mara ngapi? Hata wakubwa huungua: Machi 10, 2021, jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wateja ambao nakala zao zilikuwa kwenye kiwanja kile kile walipoteza vyote.

RAID kazi yake ni kukuwezesha kuendelea kufungua duka. Bakapu kazi yake ni kukurudisha ukishaanguka. Unahitaji zote mbili, na kama pesa inatosha kimoja, nunua bakapu kwanza. Ndiyo, nimesema hivyo kwenye makala ya kukuuzia RAID.

Kanuni yake inaitwa 3-2-1, na aliyeieneza ni mpiga picha, Peter Krogh. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Kwa studio ya Lubao: nakala ya kwanza ni seva yenye kioo. Ya pili ni diski ya nje inayochomekwa jioni na kuchomolewa, maana ikibaki imechomekwa kirusi nacho kinaifikia. Ya tatu iko kwa binamu yako Kakamega mjini.

Utauliza, mbona nisipandishe tu intaneti? Kwa picha muhimu na madaftari ya chama, pandisha. Lakini terabaiti moja kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde ni siku 18 na nusu, mchana na usiku. Diski ndani ya soksi, ndani ya begi, ndani ya matatu, inafika mjini kabla ya chai kupoa. Usiicheke matatu, ni intaneti ya kasi. Funga tu hiyo diski kwa nywila kabla haijatoka, kwa sababu imebeba vitambulisho vya watu.

Nakala ya mahali pengine iliwahi kuokoa filamu ya mamilioni ya dola. Mwaka 1998, Pixar wakitengeneza Toy Story 2, amri moja ilianza kufuta mafaili ya filamu kwenye seva. Walipokimbilia bakapu wakakuta haikuwa ikifanya kazi vizuri. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakurugenzi wa kiufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga.

GitLab nao, Januari 31, 2017, mhandisi aliyechoka alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala. Hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Walipona kwa nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla, na kazi ya hizo saa sita ikapotea. Njia tano, msee. Walichokosa ni kuzijaribu.

Kwa hivyo kazi yako ya wikendi hii haihitaji hata shilingi. Chukua diski yako ya bakapu, ichomeke kwenye kompyuta tofauti, chagua mafaili kumi bila mpangilio, moja la mwaka huu, moja la zamani kabisa, na uyafungue. Yakifunguka yote, andika tarehe kwenye karatasi uibandike ukutani, urudie mwezi ujao. Likikataa hata moja, umegundua mapema, kabla mjane hajaja kuuliza kama bado una ile video ya mzee wake.